Siku Mama Hakukuna Nazi

Mwaka 1997 baba alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa kazini. Shirika la umma alilolitumikia tangu ujana wake lilikuwa linaandaliwa kuuzwa, na Dar es Salaam ilijaa akina baba wa namna hiyo, wamekaa barazani saa nne za asubuhi, wamenyoa ndevu, wamevaa viatu, na hawana pa kwenda. Hali ya kukosa fedha mtaani tulishaanza kuiita ukapa, kwa jina la rais aliyekuwa madarakani. Lakini nyumbani kwetu Ilala, kwa majuma machache ya mwezi Julai, fedha ilikuwepo. Kiinua mgongo kilikuwa kimetoka.

Sehemu kubwa ilishapangiwa kazi kabla haijafika mkononi. Kulikuwa na mabati ya nyumba ya Bibi kule Tanga, kulikuwa na deni la mjomba, na kulikuwa na dada, aliyefaulu kidato cha sita na alikuwa anasubiri kwenda Chuo Kikuu, Mlimani. Baba aliandika hayo yote nyuma ya bahasha, kwa mwandiko wake wa kifundi uliosimama wima. Chini kabisa aliandika "chakula", na mbele yake kiasi ambacho mama alipokiona alidhani ni cha mwezi mzima.

"Cha usiku mmoja," baba akasema. "Jumamosi hukuni nazi wewe."

Ingia nami uani kidogo, ili maneno hayo uyasikie kama alivyoyasikia mama. Pita ukumbini, angalia usijikwae kwenye baiskeli, toka mlango wa nyuma. Kulia kuna bomba, kushoto choo, na mbele yako, chini ya kibanda cha mabati yaliyokolea masizi, yuko mama. Amekalia mbuzi, miguu ameikunjia upande mmoja, kanga ameifunga kiunoni, na kizio kinazunguka kwenye ulimi wa chuma, kwaru, kwaru, kwaru, nazi ikianguka nyeupe kwenye sinia. Hakuni mpaka mwisho. Akikaribia kifuu anaacha, maana ile kahawia ikiingia, tui halitakuwa jeupe. Halafu maji ya uvuguvugu, halafu kifumbu, na mikono yake inakamua mpaka mishipa inatokeza. Tui la kwanza analiweka kando na kulifunika kawa. La pili ndilo la kuanzia wali. Chicha wanapewa kuku. Vifuu vinaingia motoni, na moshi wake una utamu fulani unaoganda kwenye nywele. Mama alikuwa nao hata siku za Idi, chini ya udi.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kila siku ya Mungu tangu aolewe. Wali wa nazi, mchicha wa nazi, maharage ya nazi, pweza wa nazi siku baba alipopitia Feri. Wali ukikaribia kukauka alimwagia lile tui la kwanza, akafunika, akapalia makaa juu ya kifuniko, na sisi watoto tukakaa karibu tukivizia ukoko.

Kwa nini baba alichagua chakula cha Kithai, mjini mlimojaa pilau na nyama choma? Kazini kwake aliwahi kufanya kazi na mhandisi wa kigeni aliyeishi Asia, na huyo, wakila chakula cha mchana pamoja, alimwambia kwamba Wathai nao hupika kwa nazi, na kwamba mtu wa Tanga akikaa mbele ya chakula chao atajiona yupo kwao. Baba aliliweka neno hilo miaka mingi. Hakuwa mtu wa mahoteli. Alichotaka ni mke wake ale chakula cha nazi ambayo hakuikuna yeye, akiwa amekaa kitini, akihudumiwa. Sijui zawadi ambayo ingefikiriwa kwa upendo zaidi ya hiyo, na ndiyo maana yaliyotokea yananiuma hadi leo.

Bibi, mama yake mama, alikuwa amekuja kumuaga dada. Alishuka kwenye basi la Tanga na kiroba cha machungwa ya Muheza na chupa ya mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe. Alasiri ya Jumamosi ile alikaa kwenye mkeka na sahani ya asumini na matawi ya rehani, akafunga vikuba vitatu, chake, cha mama na cha dada. Nyumba ilifukizwa udi. Baba alivaa suti yake ya Kaunda ya rangi ya majivu, iliyopigwa pasi ya mkaa mpaka mikunjo ikasimama. Kaka alivaa viatu vya kuazima vilivyomkaba. Mdogo wetu wa mwisho alipakwa mafuta mpaka akang'aa, akakatazwa kukaa chini.

Tuliswali Magharibi tukaingia kwenye Peugeot 504 ya mjomba, ile ndefu yenye viti safu tatu. Ilala umeme ulikuwa umekatwa kwa mgawo, vibatari vinawaka kwenye meza za wauza samaki. Baba hakuchukua njia fupi. Alishika Barabara ya Uhuru, akapita Mnazi Mmoja, akateremka hadi Feri, akapita mbele ya Ikulu na kuifuata bahari, makusudi, ili Bibi aione. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma. Nje, kwenye giza, taa za meli zilizotia nanga zilikuwa zinapanda na kushuka zikisubiri zamu ya kuingia bandarini. Kwenye daraja la Salenda maji yalikuwa yamekupwa, harufu ya tope na mikoko ikaingia madirishani, na Bibi akasema, "Hapa sasa ndiyo pwani." Kisha tukaingia Barabara ya Toure. Pale Coco wachoma mihogo walikuwa wanapepea majiko yao, cheche zinaruka kuelekea barabarani. Kaka aligeuza shingo kuwatazama mpaka wakapotea.

Mkahawa ulikuwa kwenye nyumba ya zamani ya ghorofa moja huko Msasani, ndani ya ukuta uliofunikwa na boganvilia. Jenereta lilinguruma nyuma. Bustanini kulikuwa na minazi mirefu, mizuri, imezaa, na kila shina lilikuwa limezungushiwa taa ndogondogo kutoka chini hadi pale macho yalipoanza kuzipoteza. Bibi alisimama akaitazama. "Imebeba hii," akasema, na nikaona mama ametabasamu. Jioni ilikuwa bado nzuri.

Ndani kulikuwa na tembo wa kuchonga, pazia la shanga, na picha ya mfalme wao Bhumibol, mtu mwembamba mwenye miwani, katika fremu ya dhahabu. Kwenye kaunta alikaa mama mmoja mtu mzima wa Kithai, simu ameibana begani, kalamu mkononi, akiongea kwa sauti iliyopanda na kushuka, na macho yake hayakutufikia. Tarehe 2 ya mwezi uleule sarafu ya nchi yake, baht, ilikuwa imeanza kuporomoka, na anguko lile likazikumba nchi nyingine za Asia. Sisi hatukujua. Tuliona tu mtu mwenye huzuni anayepiga hesabu.

Aliyetupokea ni kijana wa hapahapa, shati jeupe, mkanda wa kitambaa chekundu kiunoni. "Shikamoo bibi. Shikamoo mzee. Shikamoo mama." Bibi aliitikia "Marahaba mjukuu wangu" kwa furaha ya mtu aliyefika ugenini akakuta ndugu. Tulikalishwa kwenye meza ndefu karibu na dirisha, kila mtu na sahani yake, uma wake na kijiko chake.

Karatasi ya vyakula ilikuwa ya Kiingereza na Kithai. Baba alimpa dada asome, yeye ndiye msomi wetu, na dada akasoma kwa sauti ya darasani huku kidole cha baba kikishuka polepole upande wa kulia, upande wa bei. Mama aliuliza nyama imechinjwa na nani. Kijana aliinama akasema kwa heshima, chini chini, "Mama, nguruwe wapo jikoni. Afadhali mle samaki na kamba. Nitamwambia mpishi atumie kikaango kingine." Namshukuru kijana yule hadi leo. Tukaagiza supu ya kamba, mchuzi wa kijani wa samaki, samaki mzima wa kukaanga, tambi za mchele, na saladi ya papai bichi, ambayo Bibi alidhani dada amesoma vibaya. Kwetu papai bichi hulainishia nyama ngumu.

Kisha tukasubiri. Subira ile naikumbuka kuliko chakula chenyewe. Feni ilizunguka juu, mdogo wetu aligonga kijiko mezani akazuiwa, baba akasimulia habari za yule mhandisi, akanyamaza, akazisimulia tena. Bibi aliomba maji ya kunawa. Kijana aliwaza kidogo, akaenda jikoni, akarudi na jagi la plastiki na bakuli, akammiminia mwenyewe, kitambaa kikining'inia mkononi.

Supu ilikuja peke yake. Ilikuwa nyekundu juu, imejaa vipande vigumu vya mchaichai, na pilipili kichaa zikielea nzima nzima. Mchaichai kwetu ni wa chai. Bibi alitafuna kipande, akatafuna, akakitoa kiganjani kwa adabu na kukificha chini ya ukingo wa sahani. Mdogo wetu alionja kijiko kimoja akaangua kilio. Tulipokuwa tunambembeleza kwa maji, zikaja tambi, zimechanganywa na ukwaju na sukari nyingi mno, tamu ya kunata. Halafu kimya kirefu tena. Halafu samaki, mdogo kuliko tulivyotarajia, amezama kwenye mchuzi mwekundu wa sukari. Kila kitu kilikuja kwa wakati wake na kuwekwa mbele ya mtu mmoja, na wengine wakimtazama. Hatukujua mikono yetu tuiweke wapi. Watu tuliozoea sinia moja, tunaokula tukisukumiana minofu, tulikaa tukiangalia chakula cha Bibi kikipoa kwa kuwa Bibi hakuweza kula peke yake.

"Wali uko njiani?" baba akauliza.

"Wali unaagizwa mbali, mzee."

Baba hakuwa ameagiza wali. Nani huagiza wali? Ukiketi kula, wali upo; kinachoulizwa ni mboga. Alitazama tena upande wa kulia wa karatasi, akafanya hesabu midomo ikicheza, akasema viletwe vipimo viwili. Vilikuja baadaye sana, vimetolewa kwenye kikombe na kupinduliwa sahanini, vikasimama na umbo la kikombe, vidogo, na katikati vimepoa. Watu saba.

Mchuzi wa kijani ndio uliokuwa shabaha ya safari nzima, kwa sababu ndio wenye nazi. Ulikuja kwenye bakuli jeupe la udongo. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwa mama, niliuona vizuri. Ulikuwa na rangi ya majani yaliyopondwa, na juu yake yalitawanyika mafuta, mapete madogo ya kijani yaliyokuwa yakikutana na kuachana. Majani mabichi yalielea kando. Mama aliinamisha kijiko, akayaacha mapete yatiririke, akainamisha tena. Baba aliacha kula. Bibi aliokota jani moja, akalinusa, akashika kikuba kifuani mwake, akanusa tena.

"Rehani," akasema. "Wametia rehani kwenye chakula."

Mama alionja. Nilimwona anatafuta kitu kwa ulimi, bila haraka, kwa uaminifu.

"Vipi?" baba akauliza.

"Alhamdulillahi," mama akajibu, akaongeza kijiko cha pili ili baba amwone anaongeza.

Lakini baba alipogeuka kumwangalia mdogo wetu, mama alimwegemea Bibi. "Limekatika," akanong'ona. Kwa mwanamke wa Tanga hakuna hukumu nzito kuliko hiyo juu ya mpishi. Tui hukorogwa tangu linapopata moto hadi linapochemka, mkono hautoki, ili mafuta yasijitenge. Bibi naye alionja akatikisa kichwa. "Tena halina harufu. Hii nazi imekufa zamani."

Nilikwenda kunawa, na njia ilipita mlango wa jikoni. Ndani vijana wetu wawili walikuwa wanatokwa jasho juu ya moto mkubwa. Kando ya mlango, juu ya kreti, yalipangwa makopo yenye picha ya nazi iliyopasuliwa, yaliyofunguliwa yametupwa kwenye ndoo, vifuniko vimepinda. Kupitia dirisha la jikoni hilohilo ilionekana minazi ya bustanini, na vishada vyake.

Baba alilipa. Alihesabu noti chini ya meza, akazihesabu juu ya meza, akaweka na kitu kidogo cha yule kijana. Kijana alimshika Bibi mkono mpaka garini, akamfungulia mlango. "Bibi, siku nyingine njoo kwetu Temeke," akamwambia, "mke wangu atakupikia." Bibi akamwombea dua pale pale.

Tulirudi kimya. Pale Coco majiko yalikuwa bado yanawaka, na harufu ya muhogo wa kuchoma, ndimu na pilipili iliingia ndani ya gari yote. Kaka alifungua mdomo aseme njaa inamuuma; dada akamfinya paja. Kusimama pale kungemwambia baba kitu ambacho hakuna aliyetaka akisikie kutoka kwetu. Aliendesha macho mbele, mikono yote miwili kwenye usukani, na ile mikunjo ya suti yake ilikuwa bado imesimama.

Asubuhi ya pili, wanawake walipokuwa kwenye foleni ya bomba, jirani alimwuliza mama wazungu wanakula nini huko Msasani. Nilikuwa napiga mswaki pale uani. "Si wazungu, ni Wathai," mama akasema, kwa sauti ya kufika dirisha la chumba alichokuwemo baba. "Na wanakula nazi. Tumekula samaki wa nazi, na kamba, na papai. Mume wangu ametuvusha bahari sisi." Akainua ndoo yake akaondoka. Katika miaka yote iliyofuata sikumsikia akisema neno jingine juu ya usiku ule mbele ya baba, wala baba hakumpeleka tena mahali pa kula kwa kulipa. Alifungua karakana ndogo ya kuchomelea vyuma, akafa akiwa bado anaiendesha.

Nilikuwa mtu mzima, baba hayupo tena, kazi iliponifikisha Bangkok. Mwenyeji wangu alinialika kwa mama yake, ng'ambo ya mto Chao Phraya, katika nyumba ya mbao yenye mitungi ya maji mlangoni. Uani, karibu na jiko, niliona kibao cha kukalia, kimechongwa umbo la sungura, na mbele yake ulimi wa chuma wenye meno. Nilisimama. Yule mama aliona ninavyokitazama, akakaa juu yake, miguu upande mmoja, akachukua kizio, na mlio ukaanza.

Nilikaa jikoni kwake alasiri nzima. Alitwanga kwenye kinu cha jiwe pilipili kichaa za kijani, mchaichai, maganda ya ndimu na mzizi wa ukoo wa tangawizi. Pilipili hiyo si ya kwao, wala si yetu. Ilitoka Amerika, na inaaminika Wareno ndio walioisambaza katika karne ya 16, walipokuwa wakipita Kilwa na Mombasa kwenda Malacca na Ayutthaya. Kisha akalitia tui zito chunguni peke yake, akaliacha lichemke, likachemka mpaka mafuta yakajitenga na kung'aa juu, na hapo ndipo akatia viungo vyake na kuniangalia kwa ushindi. Kwao lile ndilo lengo. Mafuta yasipotoka, mchuzi haujaiva. Wali ulikuja kwanza, chungu kizima, unatoa moshi. Mabakuli yote yaliwekwa katikati, na kila mtu alichota kidogo kidogo kwa kijiko, wakinisukumia minofu ya samaki upande wangu.

Usiku nilimpigia mama Tanga, nikamweleza habari ya mafuta.

"Kumbe," akasema. Nilimsikia anafikiri. "Basi yule mpishi nilimwonea. Na nazi?"

"Waliikuna, mama. Nimeiona kwa macho yangu."

"Na wali?"

"Ulikuja kwanza. Mwingi, wa moto."

"Haya. Hicho ndicho chakula baba yako alichotaka kutupa."

Mkahawa ule ulifungwa miaka mingi iliyopita. Juu ya tui lililokatika mpishi hakuwa na hatia, na nafurahi kuliandika hilo. Juu ya mengine, mama na Bibi walisema kweli: nazi ilikuwa ya kopo, wali ulikuwa baridi, na watu waliokuja kula pamoja walilishwa mmoja mmoja. Leo mikahawa ya Kithai, ya Kichina na ya Kihindi imejaa Masaki na Mikocheni, na wenye mikahawa hiyo nina ombi kwenu. Ipo siku mzee ataingia na familia yake nzima, amevaa nguo yake bora, ana fedha aliyoisubiri maisha yake yote. Mleteeni maji ya kunawa kabla ya karatasi ya bei, na mwulizeni wali wa watu wangapi.